A Mbili Nilizozililia Miezi Minane

Kwa miezi minane nilikuwa na hadithi moja niliyomsimulia kila aliyekubali kunisikiliza. Nilimsimulia binamu yangu, nikamsimulia kinyozi, nikawasimulia hata wenzangu wawili kazini ambao hawajui poka inachezwaje. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Nilipata A mbili, ambazo ndizo karata bora kabisa mtu anazoweza kugawiwa, nikasukuma chipu zangu zote, zile zinazosimama badala ya pesa, kabla ya karata yoyote ya mezani kufunuliwa, na daktari mmoja wa meno akanifuata na 9 na 10 za kopa. Takataka tupu. Karata ya mwisho ikamwokoa, mimi nikapoteza shilingi 3,400. Nikifika hapo nilikuwa nanyamaza kidogo ili msikilizaji apate nafasi ya kusema pole.

Karibu kila kitu katika hadithi hiyo ni uongo. Pesa tu ndizo za kweli.

Nieleze kwanza ni poka ipi, maana huku Kenya jina hilo linachanganya. Wengi wetu tumekua tukiita "poka" ule mchezo wa kadi wa kumaliza karata mkononi, wenye J ya kuruka, K ya kurudisha, 2 na 3 za kumlisha mwenzako, na ole wako umalize bila kusema "niko kadi". Mama yangu mpaka leo anaamini huo ndio ninaoucheza Ijumaa usiku, na sijawahi kumsahihisha. Ningeweza kuishia hapo na tatizo langu lingekuwa limeshaeleweka.

Ninayoizungumzia mimi ni Texas Hold'em. Unagawiwa karata mbili za siri, kisha mezani zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Katikati ya hatua hizo watu wanaweka pesa, wanapandisha, wanafuata au wanatupa karata zao. Anayezoa chungu, yaani pesa zote zilizowekwa, ni mwenye karata tano bora, au yule aliyewatisha wengine mpaka akabaki peke yake. Hushindani na kasino, unashindana na watu mliokaa nao, na anayejua zaidi hatimaye hula pesa za asiyejua. Hilo ndilo lililonivuta. Binamu yangu alikuwa akibeti mechi za mpira kila wikendi, na mimi nilikuwa nikimhubiria: wewe unacheza kamari, mimi nacheza mchezo wa akili.

Kwa kazi mimi ni mhasibu. Kampuni ninayoifanyia inasafirisha mizigo kutoka Mombasa kwenda bara, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kukagua risiti za madereva. Dereva akileta risiti ya dizeli iliyoandikwa kwa kalamu mbili tofauti, nitaiona kabla hajavuta kiti. Nina sifa hiyo ofisini, na naipenda.

Meza yetu ilikuwa ya watu sita, katika fleti moja ya South B, Nairobi. Alikuwapo huyo daktari wa meno, mwalimu wa sekondari, mzee mmoja aliyestaafu udereva wa trela, mwenye nyumba, jamaa mmoja mkimya wa kompyuta, na mimi. Kuingia ni 2,000, madau ya lazima 10 na 20. Mwenye nyumba hatozi chochote, kila mtu anachanga tu hela ya chakula. Nilikuwa na daftari langu dogo la kuandika nilichoshinda na nilichopoteza, na mwisho wa mwaka 2020 daftari hilo lilisema kwamba katika miaka miwili nilikuwa mbele kwa shilingi 41,300.

Si nyingi, lakini zilinitosha kuota. Wachezaji wa poka wote wanamjua Chris Moneymaker, yule Mmarekani wa Tennessee aliyeingia mashindano makuu ya dunia kule Las Vegas mwaka 2003 kwa tiketi aliyoishinda kwenye intaneti kwa chini ya dola 100, akawapita watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Na kazi yake ilikuwa nini? Mhasibu! Sitasema ni mara ngapi nililala nikiwaza sadfa hiyo. Wale 838 sikuwawaza hata mara moja, ingawa bila shaka na wao walikuwamo wahasibu.

Kafyu ya korona ilipotangazwa, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri kuanzia tarehe 27 Machi 2020, meza ilikufa wiki mbili. Kisha yule jamaa wa kompyuta akatuonyesha programu ya simu ambayo mnafungua chumba chenu wenyewe, mnacheza kwa chipu za bure, na asubuhi mnalipana kwa M-Pesa. Programu ile ilikuwa na kitufe cha kuhifadhi mgao unaoutaka, karata zote na kila dau. Usiku wa zile A mbili nilikibonyeza kwa hasira, ushahidi usije ukapotea. Halafu sikuufungua tena. Kwa nini niufungue na kila kitu kilikuwa kichwani?

Januari 2021 akajiunga mwanasheria mmoja kijana. Nikampa hadithi yangu. Badala ya kusema pole akauliza, "Alikufuata kwa chipu zote na 9 na 10? Kabla hata karata kufunuliwa? Kaka, huyo daktari simwoni akifanya hivyo. Nitumie huo mgao niuone."

Nikamwambia nitamtumia. Nilipofika nyumbani nikaufungua.

Sikuwa nimesukuma chochote. Nilikuwa nimelipa 20, kiasi kidogo kuliko vyote mtu anachoweza kulipa ili abaki mchezoni, nikijidai natega. Watu wanne tukaziona zile karata tatu za kwanza, akiwamo daktari, ambaye zamu hiyo alikuwa ameshaweka lile dau la lazima la 20 na kwa hiyo hakuongeza hata senti. Aliziona bure, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Zikaja 10, 9 na 4. Yaani tayari alikuwa na jozi mbili na mimi nina moja. Nikaweka 80, akapandisha hadi 260, na hapo ndipo niliposukuma zote, kwa sababu A mbili ni A mbili bwana. Akafuata papo hapo, kama ambavyo ningefanya mimi, kama ambavyo angefanya mtu yeyote mwenye macho. Wakati chipu zinaingia katikati nafasi yangu ya kushinda ilikuwa kama moja katika nne. Karata ya nne ikawa K, ya tano ikawa 2. Hakuna karata iliyomwokoa, kwa kuwa hakuwa hatarini.

Nilikaa na simu mkononi nikiitafuta ile karata ya mwisho ninayoikumbuka. Naikumbuka hata leo ninapoandika: kopa, nyekundu, inateremka polepole kuliko nyingine zote. Haikuwahi kuwapo.

Jambo lililonitia hofu ni kwamba sikuwa nimeamua kudanganya. Mtu anayemdanganya mwenzake huwa anajua. Anachagua maneno, anaangalia macho ya msikilizaji. Mimi nilikuwa nasimulia kwa moyo safi kabisa, na kila mara nilipopata pole uongo uliongezeka urefu kidogo. Na hata kama ungekuwa kweli! Mwenye 9 na 10 zote za kopa akipambanishwa na A mbili tangu mwanzo hushinda zaidi ya mara moja katika kila mara tano. Hata hadithi yangu iliyopambwa ilikuwa ikilalamikia jambo la kawaida.

Kesho yake mwanasheria akaniuliza kuhusu mgao. Nikamwambia programu imeufuta.

Siku tatu nilijisikia vibaya, kisha nikajifanyia kile ambacho ningemfanyia dereva. Niliagiza taarifa ya M-Pesa ya miaka miwili, Januari 2019 hadi Desemba 2020, nikaichapisha kazini baada ya watu kuondoka, nikachukua kalamu nyekundu. Kila pesa iliyokwenda kwa mtu wa meza, kila iliyorudi, kila teksi ya usiku, kila kasino. Daftari lilisema 41,300 mbele. Taarifa ilisema 68,450 nyuma.

Tofauti hiyo ya 109,750 sikuihitaji kuitafuta sana, ilikuwa imekaa mahali pake ikinisubiri. Kulikuwa na usiku 23 ambao sikuuandika kabisa, jumla 46,200. Nilikuwa na sababu ya kila mmoja: huu nilikuwa na mafua, huu nilikunywa bia nne, huu nilicheza nusu saa tu kwa hiyo hauhesabiki. Nilipekua daftari lote nikitafuta usiku mmoja tu wa ushindi ambao nao niliufuta kwa sababu ya bia. Hakuna. Bia zilikuwa zinabatilisha hasara peke yake. Halafu zile mara 16 nilizomaliza 2,000 nikaingia tena na 2,000 nyingine, nikaandika kiingilio kimoja: 32,000. Halafu 17,050 za teksi, nyama choma na ada za kutuma pesa, ambazo kichwani mwangu zilikuwa "maisha tu". Na mwisho 14,500 za ruleti, kwenye kasino moja ya hapa Nairobi tuliyokuwa tukiipitia kabla ya kafyu. Ruleti! Mchezo ambao hauna akili hata punje, ambao kasino imeshajipangia faida yake kwenye gurudumu. Nilikuwa nikitoka kwenye meza ya poka na kuweka 500, 1,000, "za kuagia". Sikuziandika kwa kuwa daftari lilikuwa la poka.

Kisha nikaona kitu ambacho sikukitafuta. Tarehe 31 Januari 2020 nilihamisha mshahara kutoka benki. Tarehe 1 na 2 Februari zilitoka 9,000, zote kwa watu wa meza na kwa kasino. Tarehe 5 nakumbuka vizuri nilimtumia mwenye nyumba ninayopanga meseji kwamba mwezi huu mishahara imechelewa kazini. Akajibu, "Sawa, hakuna shida." Nililipa tarehe 9. Mimi meseji ile niliiamini. Mtu angeniuliza mwezi uliofuata, ningeapa kwamba Januari ile mishahara ilichelewa.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilimpigia binamu yangu nikamuuliza, kama mzaha, huwa anabeti ngapi. Mia mbili kila wikendi, akasema, na haongezi. Ukizidisha kwa miaka miwili, hata kama hajawahi kushinda mkeka mmoja, ni 20,800. Mimi nilikuwa nimempita mara tatu na zaidi, na yeye hakuwahi kumhubiria mtu.

Hapo nikafanya kosa la mtu aliyeokoka jana: nikataka wote waokoke. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, jamani, tangu Januari 2019 kila mtu yuko wapi? Semeni ukweli, mimi niko chini. Majibu yakaja haraka. Mwenye nyumba: mbele kama 30,000. Daktari: 50,000 hivi, labda zaidi. Mwalimu: sijapoteza. Mzee wa trela: nimekula, nimeliwa, ni sawasawa. Jamaa wa kompyuta alituma kikaragosi cha mtu anayecheka.

Sasa, meza yetu haina anayekata ada. Kasino huchukua sehemu ndogo ya kila chungu, na ndiyo maana pale wachezaji kwa jumla lazima watoke na kidogo kuliko walichoingia nacho. Kwetu shilingi haitoki nje ya chumba. Kilichopotezwa na huyu kimezolewa na yule, jumla yake ni sifuri, hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuikagua. Wawili walikuwa wamedai 80,000. Ukiondoa ruleti na nauli, hasara yangu ya mezani ilikuwa 36,900. Hata ukiwahesabu wageni wa usiku mmoja mmoja, kulikuwa na shilingi elfu arobaini na kitu ambazo hazikuwa na mwenye kuzipoteza. Nikaandika hivyo hivyo kwenye kundi, na hesabu yake chini.

Mzee wa trela akanipigia simu. "Kijana wangu," akasema, "hiyo meseji ifute."

"Kwani nimekosea wapi, Mzee?"

"Hujakosea. Umetuharibia Ijumaa."

Niliifuta. Wiki hiyo walikuja watatu tu.

Hesabu za pesa, hata hivyo, ndizo zilizokuwa rahisi. Pesa zina risiti. Jambo gumu lilikuwa lile swali la pili, kwamba je, ninajua kucheza? Nilikuwa na majibu mawili tayari. Kabla ya Januari 2021 nilikuwa mchezaji mzuri mwenye bahati mbaya. Baada ya ile taarifa ya M-Pesa nikawa mchezaji mbovu aliyejidanganya, na nilikubali jibu hilo kwa furaha fulani ya ajabu, kama mtu anayejichapa viboko hadharani. Ilinichukua muda kuona kwamba jibu la pili nalo sikulikagua.

Desemba 2021 nilipanda treni hadi Voi kwa ajili ya Krismasi. Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane, wanachanga 500 kila mwezi, na mwisho wa mwaka wanagawana. Akaniletea daftari. "Wewe si ndiye mhasibu, baba. Nipitie kabla sijaaibika."

Ni daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mama ana mwandiko mkubwa unaopanda mlima. Kila mchango, kila faini ya kuchelewa, 50 kila moja, na jina. Mwezi wa tano kulikuwa na mstari, "Mimi. Nimechelewa. 50." Mwezi wa tisa tena, "Mimi. 50." Ukumbi wa mkutano ni sebule yake mwenyewe. Sikujua mtu anawezaje kuchelewa sebuleni kwake, nikamuuliza. Akasema alikuwa jikoni, chai ilikuwa haijaiva, na wenzake walikuwa wameshaketi.

Katika mwezi wa kumi nikakuta mstari mwingine: "200. Sijui."

Nikamwambia, "Mama, huwezi kuandika sijui kwenye vitabu."

"Zimepungua mia mbili. Nimehesabu mara tatu."

"Ndiyo, lakini lazima useme zimeenda wapi."

"Sasa niseme nini, na sijui?"

Kazini kwetu tuna akaunti ya kuhifadhi pesa ambazo maelezo yake hayajapatikana, ina jina la heshima na fomu zake. Lakini ukiitafsiri kwa ukweli inasema alichosema Mama. Nilipiga mstari chini ya jumla nikamrudishia. Jioni, tukila, akaniuliza, "Na nyie bado mnacheza kadi huko Nairobi?"

"Bado, Mama."

"Unawafunga?"

Nilikuwa na mdomo umejaa, na labda ndiyo maana sikupata nafasi ya kuchagua jibu. "Sijui," nikasema.

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mchezo gani huo, mtu hajui kama amefunga!"

Ni mchezo wa namna hiyo kweli. Miaka miwili yangu yote, ukijumlisha mezani na kwenye simu, haikufika migao 10,000. Kwa mtu wa nje inasikika kuwa mingi. Lakini A mbili huja mara moja katika kila migao 221, na hata ukiwa nazo unapoteza mara nyingine. Ukiwa na kopa nne baada ya zile tatu za mwanzo, kopa ya tano inakuja kama mara 35 katika 100, na inaweza isije mara nane mfululizo bila mtu yeyote kukuonea. Mchezaji mzuri anaweza kupoteza kwa migao 10,000, na mbovu akashinda. Kwa hiyo zile 36,900 hazithibitishi kwamba sijui kucheza, kama vile zile 41,300 za kubuni zisingethibitisha kwamba najua. Watu wa meza hawapendi kusikia hili, na naelewa. Ni afadhali kuwa mbovu kuliko kukaa miaka bila kujua.

Kinachoweza kujulikana ni kidogo zaidi, na kiko karibu zaidi: wakati pesa zinaingia katikati, nilikuwa mbele au nyuma? Niliingia kwa hesabu au kwa hasira? Kwa hiyo daftari langu la sasa lina safu ya pesa, kisha safu ya chungu kikubwa cha usiku huo, na ndani yake neno moja kati ya matatu: mbele, nyuma, sijui. Naandika usiku ule ule, kwenye gari kabla sijawasha injini, maana nimeona nikingoja asubuhi karata zinaanza kubadilika.

Nimegundua nini? Mambo mengine si ya kujivunia. Kwamba "nyuma" nyingi ziko baada ya saa tano usiku, na karibu zote zinafuata chungu nilichopoteza muda mfupi kabla. Wenyewe wanaita hali hiyo tilti. Sisi tunasema mtu amechemka. Nilijua kuhusu kuchemka, nilikuwa nikiuona kwa mwalimu, masikio yake yanabadilika rangi. Kwangu nilikuwa nikiita "kupandisha kasi". Nimegundua pia kwamba mara mbili niliandika "sijui" mahali nilipojua kabisa. Neno hilo nalo linaweza kuwa kichaka.

Nilijiwekea sheria kwamba nikimaliza 4,000 naondoka. Nimeivunja mara tatu tangu mwaka 2022, na ziko kwenye daftari kwa herufi kubwa. Kodi ya nyumba sijaigusa tena. Kwenye bajeti yangu ya mwezi nimeihamisha poka kutoka "uwekezaji" (ndiyo, niliwahi kuiweka hapo, mimi mwenye shahada) hadi "starehe", pamoja na mpira na nyama. Lakini hata neno "starehe" nalitazama kwa jicho la pembeni. Aliyepoteza hupenda kusema alikuwa anajiburudisha tu. Nikijiuliza usiku nikiwa peke yangu, nadhani naenda kwa sababu Nairobi ni jiji ambalo unaweza kumaliza wiki nzima bila mtu kukuita kwa jina, na pale mezani watu sita wananingoja. Hilo nalo huenda ni hadithi nzuri tu, lakini angalau halihitaji karata ya mwisho.

Miezi michache iliyopita nilipata K mbili. Tulikuwa ana kwa ana, South B, si kwenye simu. Nikapandisha, daktari akapandisha juu yangu, nikapandisha tena, na kabla ya karata hata moja kufunuliwa chipu zetu zote zilikuwa katikati. Akafunua A mbili. Nafasi yangu hapo ni kama 18 katika 100. Karata ya nne ikawa K. Daktari aliitazama, akanitazama mimi, akasukuma chipu zake bila neno, akaenda kusimama kwenye roshani. Kwenye gari niliandika: "+4,100. Nyuma."

Ijumaa tatu baadaye tulikuwa na mgeni, shemeji yake mwenye nyumba. Daktari alikuwa akimpa hadithi. Nilikuwa nachanganya karata, sikuwa nasikiliza vizuri, mpaka niliposikia, "...A mbili mkononi, nimesukuma zote, na huyu hapa akanifuata na K na 7! K na 7! Mpaka karata ya mwisho kabisa, ya tano, ikaja K nyingine."

Mgeni akasema pole. Mzee wa trela alikuwa akitazama dari.

"Si ndivyo, bwana mhasibu?" daktari akaniuliza. Hakukuwa na mzaha usoni mwake hata kidogo. Alikuwa anaiona ile 7.

"Ndivyo," nikasema, nikaanza kugawa.